Umri wa Injili na maana ya 'Mwana wa Mungu'

KATIKA mihadhara ya dini inayofanyika viwanjani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na miji ya bara, kuna hoja mbili ambazo wasikilizaji wamezizoea. Mzungumzaji wa kwanza husema kwamba Injili ziliandikwa miaka mingi mno baada ya Yesu, na kwamba cheo cha "Mwana wa Mungu" alivishwa na maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325. Wa pili hujibu kwamba zipo nakala za Injili za kale sana, zimehifadhiwa Ulaya, na kwa hiyo mjadala umekwisha.

Hoja hizi zinapingana, lakini kosa lao ni moja. Kila upande unachukua tarehe na kuilazimisha ijibu swali la maana. Tarehe inaweza kueleza neno fulani lilitamkwa lini. Haiwezi peke yake kueleza aliyelitamka alikusudia nini, wala kama alisema kweli.

Jambo hili si la wasomi wa chuo kikuu peke yao. Februari 1998, malalamiko kuhusu yaliyokuwa yakisemwa juu ya Yesu katika mahubiri ya Waislamu yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia vurugu za Mwembechai, Dar es Salaam, ambako polisi walifyatua risasi na watu wakapoteza maisha. Katika eneo ambalo Wakristo na Waislamu ni majirani, wakwe na washirika wa biashara, ni vizuri kujua wataalamu wanakubaliana nini kuhusu umri wa Injili, na wapi ushahidi unaishia.

Kipande kidogo kuliko kiganja

Katika Maktaba ya John Rylands mjini Manchester, Uingereza, kuna kipande cha karatasi ya mafunjo chenye urefu wa sentimita 9 hivi na upana wa sentimita 6. Bernard Grenfell alikinunua Misri mwaka 1920 pamoja na makaratasi mengine ya kale. Hakikujulikana ni kitu gani mpaka Colin Roberts alipokitambua na kukichapisha mwaka 1935.

Upande wa mbele una maneno ya Injili ya Yohana, sura ya 18, mstari wa 31 hadi wa 33. Upande wa nyuma una mstari wa 37 na wa 38. Ni pale Pilato anapomhoji Yesu kuhusu ufalme, kisha kuhusu kweli. Kwa kuwa maandishi yako pande zote mbili, kipande hiki kilitoka katika kitabu chenye kurasa, si katika gombo la kukunjwa.

Kipande hakina tarehe. Roberts aliyalinganisha maumbo ya herufi zake na ya nyaraka nyingine ambazo umri wake unajulikana, akakadiria kuwa kiliandikwa katika nusu ya kwanza ya karne ya pili. Makadirio hayo yaliwatikisa wengi. Karne moja kabla yake, Ferdinand Christian Baur, mwalimu mashuhuri wa Tübingen, Ujerumani, alikuwa amefundisha kwamba Injili ya Yohana iliandikwa karibu mwaka 170. Kama nakala yake ilikuwa inasomwa Misri miongo kadhaa kabla ya hapo, basi nadharia ya Baur haikuwa na pa kusimama.

Tangu hapo kipande hiki kimepewa mwaka maalumu katika mahubiri mengi, mara nyingi 125, kana kwamba mwandishi aliutia mwenyewe. Mwaka 2005 mtafiti Brent Nongbri alionyesha kuwa herufi za namna ile zinaonekana pia katika nyaraka za mwisho wa karne ya pili, na hata mwanzo wa karne ya tatu. Mtu aliyejifunza mwandiko akiwa kijana anaweza kuendelea nao hadi uzeeni, na mwanafunzi wake akaurithi. Kwa hiyo mwandiko hukadiria kipindi, hautaji mwaka.

Funzo kama hilo lilitolewa tena hivi karibuni. Mwaka 2012, katika mdahalo uliofanyika Chapel Hill, Marekani, ilitangazwa kwamba kimepatikana kipande cha Injili ya Marko cha karne ya kwanza. Habari ikaenea makanisani na mitandaoni. Kipande chenyewe kilipochapishwa mwaka 2018 pamoja na mafunjo mengine ya Oxyrhynchus, wahariri walikiweka mwishoni mwa karne ya pili au mwanzoni mwa ya tatu. Kilikuwa na mistari michache ya sura ya kwanza ya Marko. Bado ni kipande cha thamani kubwa, ila si kile kilichotangazwa.

Umri wa karatasi si umri wa maneno

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Umri wa nakala unaeleza lini maneno yalinakiliwa, si lini yalitungwa. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Anayeusoma leo katika kitabu kilichotoka kiwandani mwaka jana hawezi kusema utendi huo una mwaka mmoja. Vivyo hivyo, nakala ya Injili ya karne ya tatu haithibitishi kwamba Injili hiyo ilitungwa karne ya tatu. Inaweka ukomo tu: haikutungwa baada ya hapo.

Ili kujua maneno yalitungwa lini, wataalamu huangalia ndani ya maandishi yenyewe. Alama kubwa wanayoitumia ni mwaka 70, majeshi ya Roma chini ya Tito yalipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu.

Katika Marko sura ya 13, Yesu anasema Hekalu litabomolewa lote. Mwandishi hasemi kama jambo hilo limekwisha kutokea, bali anamtahadharisha msomaji wake kana kwamba hatari iko mlangoni. Luka, akisimulia mazungumzo hayohayo, anataja Yerusalemu likizungukwa na majeshi. Mathayo, katika mfano wa karamu ya arusi, anamtaja mfalme aliyetuma askari wake na kuuchoma moto mji wa wauaji. Wataalamu wengi huona katika Luka na Mathayo dalili za watu waliokwisha kulijua anguko la Yerusalemu.

Jingine ni kwamba Mathayo amebeba sehemu kubwa sana ya Marko, na Luka zaidi ya nusu yake, mara nyingi kwa maneno yaleyale ya Kigiriki na kwa mpangilio uleule. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba wote wawili walikuwa na Marko mbele yao. Kutokana na hayo, makadirio ya kawaida huiweka Injili ya Marko kati ya mwaka 65 na 75, Mathayo na Luka kati ya 80 na 90 au baadaye kidogo, na Yohana karibu na mwisho wa karne ya kwanza.

Si wote wanaokubali. John A. T. Robinson, askofu wa Kianglikana, alichapisha kitabu mwaka 1976 akitetea kwamba vitabu vyote vya Agano Jipya viliandikwa kabla ya mwaka 70. Wengine huisogeza Luka hadi karne ya pili. Wala si sahihi kudhani kwamba kila anayekataa tarehe ya mapema anakataa tu uwezekano wa unabii. Mwanahistoria Yosefo anasimulia habari za mtu mwingine aliyeitwa Yesu, mwana wa Anania, mkulima, aliyezunguka Yerusalemu miaka minne kabla ya vita akiulilia mji na Hekalu lake. Kutabiri kwamba Hekalu litaanguka kuliwezekana kwa yeyote aliyeona hali ilivyokuwa. Ndiyo maana mstari huo peke yake haumalizi mabishano.

Barua zilizotangulia Injili

Maandishi ya kale zaidi ya Wakristo yaliyopo si Injili, bali ni barua za Paulo. Hapa tarehe ni imara zaidi kwa sababu ya jiwe. Huko Delphi, Ugiriki, vilipatikana vipande vya tangazo la Kaisari Klaudio linalomtaja Galio, liwali wa Akaya. Cheo cha kaisari kilichomo kinaonyesha kwamba Galio alishika madaraka karibu mwaka 51 na 52. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, kinasema Paulo alishitakiwa mbele ya Galio huyo mjini Korintho.

Kwa hesabu hiyo, Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike uliandikwa karibu mwaka 50, yapata miaka 20 baada ya Yesu kusulubiwa. Tayari katika sura yake ya kwanza Yesu anatajwa kuwa Mwana wa Mungu anayengojewa kutoka mbinguni. Paulo hafafanui neno hilo wala halitetei. Anawaandikia watu waliolizoea.

Katika Waraka kwa Warumi, ulioandikwa miaka michache baadaye, Paulo anaanza na maneno ambayo wataalamu wengi wanaamini ni ungamo la imani lililokuwapo kabla yake. Linamtaja Yesu kuwa wa uzao wa Daudi kwa mwili, na aliyewekwa kuwa Mwana wa Mungu mwenye nguvu kwa kufufuka kwake.

Kwa hiyo anayesema cheo cha Mwana wa Mungu kilizuliwa Nikea amekosea kwa miaka 275 hivi. Hilo ni suala la historia, na Mwislamu au asiye na dini anaweza kulikubali bila kubadili imani yake. Linalobaki ni gumu zaidi: wale watu wa mwaka 50 walielewa nini waliposema "Mwana"?

Lugha ya 'mwana'

Mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu hapa kuliko wasomaji wengi wa Ulaya. Mwanajeshi si mtoto wa jeshi, na mwananchi hakuzaliwa na udongo. "Mwana" hutaja uhusiano, kuwa wa kundi fulani au wa kazi fulani. Neno "binadamu" limetokana na Kiarabu, "bin Adamu", na hakuna anayelisikia akadhani anaongelewa Kaini au Abeli.

Kiebrania na Kiaramu, lugha za Yesu na wazee wake, zina desturi hiyohiyo. Wanafunzi wa manabii waliitwa wana wa manabii. Yakobo na Yohana wanaitwa katika Marko wana wa ngurumo, na jina la Barnaba linafasiriwa katika Matendo kuwa mwana wa faraja.

Desturi hiyo ilihusishwa na Mungu pia. Katika Kutoka sura ya 4, taifa zima la Israeli ni mzaliwa wa kwanza wa Mungu. Katika Samweli wa Pili sura ya 7, Mungu anaahidi kuwa baba kwa mfalme wa ukoo wa Daudi. Zaburi ya 2 inamwita mfalme mwana siku anaposimikwa. Katika Ayubu, viumbe wa mbinguni ni wana wa Mungu, na katika Injili ya Mathayo wapatanishi wataitwa hivyohivyo.

Miongoni mwa maandishi ya Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, kuna kipande cha Kiaramu kinachojulikana kama 4Q246, kilichonakiliwa kabla ya Yesu kuanza kuhubiri. Kinamtaja mtu atakayeitwa mwana wa Mungu na mwana wa Aliye Juu. Vyeo hivyo viwili ndivyo malaika anavyovitamka mbele ya Mariamu katika Luka sura ya kwanza. Wataalamu hawajakubaliana kama anayetajwa ni masihi au mfalme mwovu anayejikweza, lakini ni wazi kwamba cheo hicho kilikuwapo Uyahudi.

Kilikuwapo Roma pia, kwa maana nyingine. Baraza la Seneti lilimtangaza Julius Kaisari kuwa mungu mwaka 42 kabla ya Kristo. Mrithi wake aliyemfanya mwana, ambaye baadaye aliitwa Augusto, akajitangaza mwana wa aliyefanywa mungu, na sarafu zikaenea na cheo hicho. Maandishi ya jiwe ya Priene, katika Uturuki ya leo, ya mwaka 9 kabla ya Kristo, yanaitaja siku ya kuzaliwa kwa Augusto kuwa mwanzo wa habari njema, kwa neno la Kigiriki ambalo ndilo asili ya "Injili".

Kwa hiyo Marko alipoandika kwamba akida wa Kirumi alimtazama Yesu akikata roho msalabani na kumwita Mwana wa Mungu, msomaji wa Kiyahudi aliweza kumsikia mfalme wa ukoo wa Daudi, na wa Kirumi akamsikia mpinzani wa kaisari. Kusema hivyo hadharani kulikuwa na hatari yake.

Uana ulianza lini?

Raymond Brown, padri Mkatoliki na mtaalamu wa Maandiko, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu kuzaliwa kwa Masihi kwamba maandishi haya hayaanzii mahali pamoja. Ungamo la Warumi linautangaza uana wa Yesu kwenye ufufuo. Marko anautangaza kwenye ubatizo, sauti inapotoka mbinguni. Mathayo na Luka wanarudi nyuma hadi kutungwa kwa mimba. Yohana anarudi hadi kabla ya ulimwengu kuumbwa.

Wapo wanaoichukua safu hiyo kama ngazi: mwanzo Yesu alikuwa mtu, kisha kila kizazi kikampandisha cheo. Lakini ngazi hiyo ina kipingamizi. Katika Waraka kwa Wafilipi, ulioandikwa kabla ya Injili zote kwa makadirio ya kawaida, Paulo ana shairi linalomtaja Kristo kuwa katika hali ya Mungu kabla ya kuwa mtu. Marehemu Larry Hurtado aliutumia ushahidi wa namna hiyo kutetea kwamba kumwabudu Yesu kulianza mapema sana miongoni mwa Wayahudi waliomwamini. James Dunn aliusoma wimbo huo kwa namna nyingine, akiona ndani yake ulinganisho wa Kristo na Adamu. Wote wawili walikuwa na tarehe zilezile na maneno yaleyale mezani.

Mfano mwingine ni mstari wa kwanza kabisa wa Marko. Katika Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki ya karne ya nne ambayo sehemu yake kubwa iko London, mwandishi wa kwanza hakuandika "Mwana wa Mungu" katika mstari huo. Msahihishaji aliyaongeza maneno hayo juu yake. Codex Vaticanus, ya karne hiyohiyo, inayo. Wengine wanasema yaliruka kwa bahati mbaya kwa sababu yaliandikwa kwa vifupisho vyenye miisho inayofanana. Wengine wanasema yaliongezwa ili kuukamilisha mstari. Hata yakiondolewa, Marko bado anamwita Yesu Mwana kwenye ubatizo, mlimani na msalabani.

Kilichobishaniwa Nikea

Mtaguso wa Nikea uliitishwa na Kaisari Konstantino, na mwaka 2025 ulitimiza miaka 1,700. Mengi husemwa juu yake yasiyokuwapo. Kanuni zake zilizopo hazikuchagua vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama ilivyo leo inaonekana katika barua ya Athanasi wa Aleksandria ya mwaka 367.

Wala Nikea haikubishania kama Yesu ni Mwana wa Mungu. Ario, kasisi wa Aleksandria ambaye mafundisho yake yalihukumiwa, alimwita Yesu Mwana bila kusita. Ugomvi ulikuwa juu ya maana: je, Mwana aliumbwa na alikuwa na mwanzo, au ni wa asili moja na Baba tangu milele? Maaskofu walichagua la pili, wakatumia neno la Kigiriki la falsafa ambalo halimo katika Injili. Mabishano yakaendelea zaidi ya miaka 50, hadi Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381. Watu waliosoma Injili zilezile, katika lugha yao wenyewe, walitofautiana kwa miongo mitano juu ya neno moja.

Mahali pa mkutano, na mahali pa kuachana

Kurani inakana kwamba Mungu amezaa au amezaliwa, na katika aya nyingi za kukana inatumia neno "walad", mtoto aliyezaliwa. Kurani hiyohiyo, katika Surat al-Baqara aya ya 177, inamwita msafiri "mwana wa njia", kwa neno "ibn". Kanisa nalo halijafundisha kamwe kwamba Mungu alimpata Yesu kwa njia ya mwili. Anayelaumu au kutetea uzazi wa namna hiyo anapambana na jambo ambalo mwenzake hasemi.

Hata hivyo, tofauti haiishi kwa sarufi. Mkristo anayekiri imani ya Nikea hasemi kwamba Yesu ni mwana wa Mungu kama vile mpatanishi au mfalme wa Israeli. Anasema zaidi ya hapo, na ni hicho cha zaidi ambacho Mwislamu anakikataa. Kukificha si heshima. Wafasiri wa Biblia walilijua hilo mwaka 2012, palipozuka ubishi kuhusu tafsiri za lugha za Waislamu zilizoweka maneno mengine mahali pa "Mwana" na "Baba". Jopo lililoundwa na Muungano wa Kiinjili wa Dunia lilishauri mwaka 2013 kwamba maneno ya kawaida ya kifamilia yabaki, na maelezo yatolewe kando.

Kwa hiyo kila upande una jambo ambalo unaweza kulisema viwanjani bila kuvunja ukweli. Mkristo anaweza kusema kwamba Yesu aliitwa Mwana wa Mungu ndani ya kizazi kimoja baada ya kifo chake, na barua za Paulo zitamuunga mkono. Hawezi kusema kwamba kipande cha Manchester kinathibitisha imani ya Nikea, maana kipande hicho hakina hata neno "Mwana". Mwislamu anaweza kusema kwamba cheo hicho kilikuwa na maana nyingi, na kwamba ufafanuzi wa mwaka 325 ulitumia lugha isiyokuwamo katika Injili. Hawezi kusema kwamba cheo chenyewe kilibuniwa mwaka huo.

Msikilizaji aliyeketi kati yao ana swali la kuwauliza wote wawili kila wanapotamka "Mwana wa Mungu": kwa maana ipi, katika kitabu kipi, na cha mwaka gani?